Kifaru cha Turán kilikwama wapi?

*«Mimi ni Mkenya, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo katika mji wa Győr nchini Hungaria. Kwenye semina ya historia ya viwanda nimepangiwa kuzungumzia kifaru cha Turán, cha jeshi la Hungaria la wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa baadhi ya vifaru hivyo viliundwa katika mji huu huu. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba Turán ni nakala tu ya kifaru cha Škoda, kampuni ya Chekoslovakia, kwamba deraya yake ilikuwa nyembamba, na kwamba kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Maandishi machache niliyoyapata yanasema hakikuwa na ubaya wowote, ila kilichelewa. Nani yuko sahihi? Je, kama Turán III, toleo lake la mwisho, kingewahi, mambo yangekuwa mengine? Tena kuna jambo la pili: mzee mwenye nyumba ninayopanga ana kitu cha shaba nyeupe alichokichimbua bustanini, mdomo wake una kipenyo cha milimita 40, naye anaamini ni risasi ya Turán. Nitajuaje? Naweza kwenda nacho darasani?»*

Ndugu msomaji, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo pekee linaloweza kumuumiza mtu. Usikipeleke kitu hicho darasani, na umwombe mzee, kwa heshima zote, asikisogeze tena. Ganda tupu la risasi ni chuma chakavu tu, lakini ganda lenye baruti, au lenye kiwashio kisichogongwa kitakoni, au lenye kichwa kilichojaa mlipuko, ni kitu kingine kabisa, na miaka 80 ya kukaa udongoni haikipunguzii hatari. Mara nyingi humong'onyoa yale yaliyokuwa yakikizuia kisilipuke. Tofauti hiyo haionekani vizuri kwa mtu asiyefundishwa, na mimi siwezi kukuamulia kwa maandishi. Pigeni simu namba 112, mweleze polisi kilichopo na mahali kilipo, nao watawaita wataalamu wa jeshi wa kutegua mabomu. Hungaria imezoea kazi hii, kwa hiyo hakuna atakayemshangaa mzee. Kama ni cha Turán ama la, nitalifikia mbele kidogo, kwani jibu lake limefungamana na kiini cha mada yako.

Sasa tuje kwenye ubishi wenu. Kwa maoni yangu, mwenzako amekosea katika mambo mawili kati ya matatu, na hilo la tatu amelitaja kwa sababu isiyo yake. Hayo maandishi yasemayo kuwa kilichelewa tu yako karibu zaidi na ukweli, lakini nayo yanaishia njiani, maana hayasemi ni kitu gani hasa kilichochelewa. Mwili wa kifaru, injini yake na minyororo yake havikuwa tatizo kubwa. Kilichokwama ni mzinga. Ukiishika hoja hiyo moja, mambo mengi ambayo kwa juu yanaonekana kama uzembe wa Wahungaria utayaona yalikuwa na mantiki yake.

Tuanze na suala la nakala. Mkataba wa Trianon wa 1920, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliipokonya Hungaria haki ya kuwa na vifaru, na nchi ikakaa karibu miaka 20 bila kiwanda chochote chenye uzoefu wa kuviunda. Mji unaoishi wewe una nafasi yake katika habari hii: ni hapo Győr ambapo Waziri Mkuu Kálmán Darányi alitangaza, tarehe 5 Machi 1938, mpango wa pengő (sarafu ya Hungaria wakati ule) bilioni moja wa kulijenga upya jeshi na viwanda vyake, na mwezi Agosti mwaka huo makubaliano ya Bled na nchi jirani yakaitambulia Hungaria haki ya kujihami kama nchi nyingine. Kufikia hapo jeshi lilikuwa na vifaru vidogo vya Ansaldo kutoka Italia, vya watu wawili na bunduki za rashasha tu. Baadaye likapata Toldi, kifaru chepesi chenye mzinga wa milimita 20, kilichoundwa Hungaria kwa leseni ya kampuni ya Landsverk ya Uswidi. Kifaru cha uzito wa kati hakikuwapo, na muda wa kukibuni kuanzia karatasi tupu haukuwapo pia.

Wajerumani hawakuwa tayari kuuza leseni ya vifaru vyao vizuri. Lakini tangu Machi 1939 walikuwa wamekikalia kiwanda cha Škoda kule Plzeň, na ndani ya kiwanda hicho kulikuwa na kielelezo, yaani kifaru cha majaribio, ambacho hakuna jeshi lililokichukua: T-21, kifaru kilichokuzwa kutokana na kile chepesi cha Chekoslovakia cha LT vz. 35. Wahungaria walikileta nchini kwao mwaka 1940, wakakijaribu, na tarehe 7 Agosti mwaka huo wakatia saini ya kununua leseni.

Kwa hiyo ndiyo, asili ni ya Škoda. Walichokichukua, na ambacho wewe kama mhandisi utakitambua mara moja kwenye mchoro, ni mpangilio wa chini: magurudumu madogo yaliyounganishwa kwa makundi juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama zile za lori, gurudumu la kuvuta mnyororo lililo nyuma, na mfumo wa hewa iliyoshindiliwa unaomsaidia dereva kubadili gia na kukata kona. Lakini juu ya msingi huo walibadilisha mengi. Injini ilikuwa ya Manfréd Weiss, silinda nane za umbo la V, petroli, nguvu za farasi 260. Bunduki za rashasha zilikuwa za Gebauer, milimita 8, za Kihungaria. Deraya ya mbele iliongezwa unene. Tureti, yaani kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, ilipanuliwa ili ikae watu watatu: kamanda, mpiga mzinga na mpakiaji. Wafanyakazi wote wakawa watano na uzito ukafika tani 18.2.

Hilo la watu watatu usilipite haraka katika semina yako. Katika vifaru vingi vya miaka ile, kamanda ndiye aliyekuwa pia mpiga mzinga au mpakiaji, na matokeo yake ni kwamba wakati wa mapigano, pale hasa anapotakiwa kuangalia huku na huku, macho yake yalikuwa yamegandia kwenye darubini ya mzinga. T-34 ya Kisovieti yenye mzinga wa milimita 76 ilikuwa na watu wawili tu ndani ya tureti, na upungufu huo haukurekebishwa hadi ilipokuja T-34-85 mwaka 1944. Wahungaria walioomba mabadiliko hayo mwaka 1940 walijua walichokuwa wakikiomba. Mtu anayenakili tu hafanyi kazi ya namna hiyo.

Mzinga nao waliubadilisha, na hapa ndipo panapohitaji subira. T-21 ilikuja na mzinga wa Škoda wa milimita 47. Wahungaria wakauweka kando, wakatia wa milimita 40, unaoitwa 41M, yaani modeli ya 1941. Ukilitazama leo, utasema walipunguza nguvu kwa hiari yao. Lakini jeshi la Hungaria lilikuwa tayari likitumia mzinga wa kudungua ndege wa Bofors wa milimita 40, uliokuwa ukitengenezwa nchini kwa leseni, na risasi zake zilikuwa zikitoka viwandani kwa wingi. Kuchagua milimita 47 kungekuwa na maana ya kuanzisha aina mpya ya risasi kuanzia mwanzo: mashine zake, vipimo vyake, maghala yake, na malori ya kuipeleka vitani kwa ajili ya kifaru kimoja tu. Kuchagua milimita 40 kulikuwa na maana ya kuchukua risasi ambazo tayari zilikuwa zinatoka. Kwa mwaka 1940, ambapo mzinga wa milimita 37 ulikuwa bado silaha ya kawaida ya kupiga vifaru huko Ulaya, uamuzi huo ulikuwa wa busara, nami siwezi kuulaumu.

Na hapa ndipo kitu cha mzee kinapoingia. Kwa kuwa risasi zilikuwa za kutumika pamoja, kipenyo cha milimita 40 peke yake hakikwambii lolote kuhusu Turán. Ganda hilo linaweza kuwa lilirushwa na kifaru, linaweza kuwa lilirushwa na Bofors iliyokuwa ikilinda kiwanda dhidi ya ndege, au na Nimród, gari la Kihungaria la minyororo lililobeba Bofors hiyo hiyo. Katika mji kama Győr, uliokuwa na viwanda vya kulindwa na uliopigwa mabomu na Wamarekani, mimi ningeifikiria mizinga ya ndege kwanza. Alama zilizopigwa kitakoni mwa ganda husaidia kujua mwaka na kiwanda, lakini zisomwe na hao wataalamu wakishahakikisha ni salama. Msiligeuze wenyewe ili kuzitazama.

Sasa deraya. Mwenzako anasema ilikuwa nyembamba, na namba zinamkataa: mbele ilikuwa na milimita 50, wakati bamba la mbele la T-34 lilikuwa na milimita 45. Tofauti ni namna bamba lilivyosimamishwa. Lile la T-34 lililazwa nyuzi 60 kutoka wima, na risasi inayokuja mlalo hulazimika kulipitia kwa mshazari. Gawanya 45 kwa kosaini ya 60, utapata milimita 90 za chuma njiani mwa risasi, na hapo hujahesabu kwamba risasi nyingi huteleza na kuruka zinapolikuta bamba lililolala hivyo. Bamba la Turán lilisimama karibu wima, kwa hiyo milimita 50 zilibaki kuwa milimita 50. Tena mabamba hayo yalifungwa kwa ribiti (pini za chuma zinazofinywa vichwa) na bolti kwenye fremu badala ya kulehemiwa. Ribiti ikipigwa kichwa chake na risasi, hata ile isiyopenya deraya, inaweza kukatika, na kipande cha ndani kikaruka katikati ya watu waliokaa humo. Huo ni udhaifu wa kweli uliorithiwa kutoka kwa Škoda, na ndiyo sehemu ya mashtaka ya mwenzako ambayo ningeikubali bila kubishana.

Tuitazame kalenda. Tarehe 19 Septemba 1940 serikali iliagiza vifaru 230, ikavigawa kwa viwanda vinne: Manfréd Weiss katika kisiwa cha Csepel huko Budapest, Ganz na MÁVAG hapo hapo mjini Budapest, na kiwanda cha mabehewa na mitambo cha Győr, kinachojulikana zaidi kwa jina la Rába. Nadhani ndicho kilichowafanya walimu wako wakupangie mada hii. Michoro ya Škoda ilichelewa kufika, kisha ikabidi irekebishwe kwa ajili ya mabadiliko yote niliyoyataja, na kila badiliko la mchoro lilipaswa kufika kwa njia moja katika karakana nne ambazo hazijawahi kuunda kifaru cha ukubwa huo. Kielelezo cha kwanza, cha chuma laini cha kawaida kisicho deraya ya kweli, kilikuwa tayari Julai 1941. Vifaru vya kwanza kukamilika vilifika katika shule ya vifaru ya Esztergom mnamo Mei 1942.

Miezi ishirini hivi kutoka agizo hadi shule si aibu kwa nchi iliyokuwa ikianza. Bahati mbaya ni yale yaliyotokea ndani ya miezi hiyo. Hungaria iliingia vitani dhidi ya Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa Juni 1941 ikiwa na Toldi na Ansaldo, na maofisa wake waliona kwa macho yao kwamba vifaru vipya vya adui vilikuwa vya daraja lingine. Katika majira yale yale ya machipuko ya 1942 ambapo Turán vya kwanza vilikuwa vikipelekwa Esztergom, Wajerumani walikuwa wakianza kuipa Panzer IV, kifaru chao cha uzito wa kati, mzinga mrefu wa milimita 75, kwa sababu ile ile. Kwa hiyo Turán I, yaani hiki cha mzinga wa milimita 40, kiliishiwa nguvu ya mzinga kabla askari hawajamaliza kujifunza kukiendesha. Divisheni ya kivita ya Hungaria iliyopelekwa mto Don mwaka huo haikwenda nacho hata kidogo; ilipewa na Wajerumani vifaru vya Panzer 38(t), vya asili ya Kicheki, na Panzer IV vichache.

Wahungaria hawakukaa kimya. Tayari walikuwa na mpango wa Turán II, au 41M, chenye mzinga wa milimita 75, na ni hapa ambapo nadhani kosa kubwa lilifanyika. Mzinga uliokuwa karibu nao ulikuwa mfupi, wenye mtutu wa urefu wa vipenyo 25 (mara 25 ya upana wa tundu lake), uliotokana na mzinga wa nyika wa Böhler wa enzi za ufalme wa Austria na Hungaria. Kwa kuupiga mji, handaki au askari wa miguu ulikuwa mzuri, maana kombora la milimita 75 hubeba mlipuko mwingi kuliko la 40. Wahungaria waliviainisha vifaru kwa kipenyo cha mzinga, kwa hiyo Turán II chenye tani 19.2 kiliandikwa katika vitabu vyao kuwa kifaru kizito. Ukikutana na neno hilo kwenye nyaraka, usidhani umekosea faili.

Lakini kwa kupiga vifaru, milimita 75 za namna hiyo zilikuwa hatua ya kurudi nyuma, na hesabu yake unaweza kuifanya ubaoni mbele ya darasa. Risasi ya milimita 40 ina uzito wa takriban kilo moja na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde. Nguvu yake ya mwendo inafika kilojuli 320. Kombora la mzinga mfupi wa 75, ukilikadiria kilo 6.5 na mita 450 kwa sekunde, linafika kilojuli 650 na kitu, mara mbili. Hata hivyo nguvu hiyo inatua juu ya eneo kubwa zaidi: mraba wa 75 ni mara tatu na nusu ya mraba wa 40. Ukigawa nguvu kwa eneo, mzinga mfupi unabaki na kama asilimia 60 tu ya kile ambacho mzinga mdogo unakiweka kwenye kila milimita ya mraba ya deraya. Sasa chukua mzinga mrefu wa Kijerumani wa 75, unaorusha risasi ya kilo 6.8 kwa mwendo unaozidi mita 700. Nguvu yake inapita kilojuli 1,650, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya ule mfupi, kwa kipenyo kile kile. Upenyaji wa deraya unategemea mambo mengine pia, hasa ugumu na umbo la ncha, lakini hesabu hii ya mkono inatosha kukuonyesha kwa nini kila aliyekuwa na vifaru alikuwa akiutafuta mtutu mrefu.

Utauliza: mbona hawakuuweka tangu mwanzo? Kwanza, hawakuwa nao. Mtutu mrefu wa kasi kubwa unataka chuma bora na mashine za kutoboa na kuchonga mistari ya ndani kwa usahihi katika urefu wa zaidi ya mita tatu, na viwanda vya mizinga vilikuwa vimeshajaa kazi za jeshi la nchi kavu. Pili, tureti ya Turán isingeubeba. Mzinga ukipiga hurudi nyuma, na mrudio unafuata uzito wa risasi mara mwendo wake. Kutoka mzinga mfupi kwenda mrefu, mrudio unakaribia kuongezeka mara mbili. Unahitaji vizuia mrudio vikubwa zaidi, nafasi ndefu zaidi nyuma ya kitako cha mzinga, na nafasi ya mpakiaji kuinua risasi ndefu na kuizungusha bila kuugonga ukuta. Vyote hivyo vinataka pete pana ya tureti, yaani duara ambalo tureti huzungukia juu ya mwili, na upana wa pete unabanwa na upana wa mwili wa kifaru. Mwili wa Turán ulikuwa na upana wa mita 2.44 tu, minyororo ikiwamo.

Turán III, au 43M, ndicho kilichokuwa jibu: tureti mpya kubwa, mzinga mrefu wa 75 wenye asili ya Kijerumani, deraya nene zaidi mbele, na uzito wa karibu tani 23. Kiliishia kwenye kielelezo mwaka 1944. Wewe unauliza kama kingewahi. Naona kingesaidia, lakini si kwa kiasi kinachosemwa na wapenzi wake. Injini ilibaki ya nguvu 260 au karibu na hapo. Turán I kilikuwa na nguvu 14 kwa kila tani. Turán III kingekuwa na 11 hivi, kwenye springi zilizobuniwa kwa kifaru cha tani 17 au 18. Kingekuwa na mzinga wa kumtosha adui, huku kikienda kwa shida na kuchosha giaboksi. Kwa maneno mengine, kingekuwa Panzer IV ndogo, ya mwaka 1943, katika nchi isiyoweza kuunda Panzer IV nyingi.

Njia ambayo mimi ningeipa uzito zaidi ni ile waliyoigundua wenyewe wakaitumia kidogo. Waliichukua sehemu ya chini ya Turán, wakaipanua sentimita 45, wakaondoa tureti kabisa, na mbele yake wakaweka kibanda cha chuma kisichozunguka chenye deraya ya milimita 75 na mzinga wa hauitza (wa kurusha makombora kwa kuyapandisha juu) wa milimita 105. Ndiyo Zrínyi. Bila pete ya tureti, tatizo la nafasi na mrudio linakwisha, kimo kinashuka hadi mita 1.9 hivi, na kazi ya kiwandani inapungua. Ulikuwa mzinga wa kujiendesha ulioheshimiwa na walioutumia, nao ni ushahidi wangu mkuu kwamba mwili wa Turán haukuwa mbovu. Kulikuwa pia na kielelezo cha Zrínyi chenye mzinga mrefu wa 75. Lau viwanda vingeelekezwa huko mapema mwaka 1943 badala ya kuendelea na Turán II, jeshi lingeingia mwaka 1944 na silaha za maana zaidi kwa chuma kile kile. Zrínyi zilizotoka hazikufika hata 80, wakati Turán za aina mbili zilizidi 400. Kinachowatetea walioamua ni kwamba gari lisilo na tureti haliwezi kuongoza shambulio la divisheni ya kivita, na wao walitaka divisheni za kivita.

Vitani nitapita haraka, kwa kuwa semina yako ni ya viwanda. Turán viliingia kwenye mapigano makubwa mara ya kwanza katikati ya Aprili 1944, pale Divisheni ya 2 ya Kivita iliposhambulia huko Galicia, eneo ambalo leo liko magharibi mwa Ukraine, kuelekea Nadvirna na Delatyn, katika nchi ya vilima na misitu. Walisonga, wakachukua sehemu, kisha wakakwama, na hasara ikawa kubwa kiasi kwamba Wajerumani waliwapa Tiger, Panzer IV na mizinga ya StuG III ili divisheni isimame tena. Divisheni ya 1 ya Wapanda Farasi ilipoteza karibu vifaru vyake vyote katika majira ya joto upande wa Belarus na Polandi. Mwezi Septemba vilipigana huko Torda, mji ambao leo uko Romania, na vilivyobaki vikamalizikia katika vita vya kuizingira Budapest. Katika mwaka huo wa mwisho viliongezewa pembeni mabamba membamba yaliyotobolewa matundu, kwa ajili ya kuziharibu risasi kabla hazijagusa deraya yenyewe.

Viwanda navyo vilikuwa vikimalizwa. Machi 1944 Wajerumani waliikalia Hungaria. Mei yake familia ya Kiyahudi iliyokuwa ikimiliki Manfréd Weiss ililazimishwa kukabidhi kiwanda kwa SS, kikosi cha Wanazi, ili ipate kuokoa maisha yake. Tarehe 13 Aprili ndege za Kimarekani zilipiga kiwanda cha Győr, ambacho kilikuwa pia kikiunda ndege za Messerschmitt, na tarehe 27 Julai mabomu yaliyoangukia Csepel yaliharibu kielelezo cha Tas, kifaru kizito kilichotarajiwa kumfuata Turán. Baada ya hapo hakukuwa na mradi wa kuendeleza.

Kwa semina, nakushauri usisimame upande wa mwenzako wala upande wa maandishi yako, bali uwaletee mchoro wa pete ya tureti na hesabu ile ya nguvu kwa eneo, kisha uwaache waone wenyewe mahali mradi ulipobanwa. Na kama unataka kuigeuza kazi hii kuwa tasnifu, maandishi ya mtandaoni hayatakufikisha, wala jibu hili halitakufikisha. Mwombe msimamizi wako akuandikie barua ya kukutambulisha kwa Taasisi na Makumbusho ya Historia ya Vita ya Budapest, ambayo inatunza kumbukumbu za jeshi. Nenda na mtu anayesoma Kihungaria cha ofisini cha miaka ya 1940, kwa sababu nyaraka za manunuzi zimejaa vifupisho vinavyowatatiza hata wenyeji. Omba kwanza barua kati ya wizara na viwanda kuhusu mabadiliko ya michoro kati ya Septemba 1940 na Julai 1941, kabla hujaomba picha za vita. Humo ndimo utaiona Rába ikiuliza vipimo, ikisubiri jibu, na ikiuliza tena.